Nyuki wa Inchi Hamsini na Tano

Haya yote ni kweli. Ni kweli kuanzia safari ya Kasulu mpaka kwa yule nyuki, na nyuki ndiye wa kweli kuliko vyote, kwa hiyo msomaji asije akafika kwenye nyuki akaanza kupinda mdomo. Atakayeona uongo humu ndani na aje Kibondo, amuulizie Mzee Bazilio, nyumba ya tatu kutoka kanisani, yenye mizinga miwili juu ya mparachichi. Atapewa kiti. Akithibitisha uongo hata mmoja, atapewa na asali.

Mzee Bazilio alikuwa mstaafu wa kupima asali. Miaka thelathini na mmoja alikaa ghalani, kwanza Kakonko, halafu Kibondo, akiinua chupa moja moja dirishani na kutamka: hii ya miombo, hii imeungua, hii ina sukari guru na aliyeileta asirudi tena hapa. Shule aliishia darasa la nne. Mengine yote alijifundisha mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa vitumbua, kwa redio, na kwa kubishana. Alipostaafu walimpa mkono wa kwaheri na baiskeli, akabaki na ubishi wake na hadithi. Mtaa mzima ulishasikia jinsi nyuki wake walivyomkimbiza fisi hadi ng'ambo ya mpaka, wakarudi jioni bila kuulizwa karatasi. Ulishasikia jinsi alivyomponya bwana mkubwa mmoja kikohozi kwa kumwonyesha asali kwa mbali. Hakuna aliyewahi kumshika, kwa sababu hadithi zake zote zilitokea mahali ambapo msikilizaji hakuwepo.

Basi Jumatano moja asubuhi akaja Akimana, hata salamu yake ya asubuhi, mwakeye, ikamtoka nusunusu.

Akimana alikuwa na kibanda umiza nyuma ya soko: tofali za kuchoma, mabati, mabenchi kumi na moja, na watu wanaolipa mlangoni ili waone mpira. Babu yake alivuka kutoka Burundi na jembe na mbuzi mmoja. Yeye alizaliwa hapa, ana kitambulisho cha hapa, na mtu akimwambia akae kimya hamwambii mara ya pili. Kwa misimu minne ya maharage alikuwa akiweka akiba ya TV kubwa. Wiki iliyopita alikwenda Kasulu, kwenye duka la mtu aitwaye Khatibu, akakalishwa kwenye kiti kizuri katikati ya duka, akaonyeshwa samaki wa rangi zote wakiogelea ndani ya kioo cha inchi hamsini na tano, akalipa yote.

Alipoiwasha Kibondo ndipo balaa likaanza. Kutoka benchi la katikati picha ilikuwa nzuri. Lakini kibanda hakina benchi la katikati peke yake. Waliokaa ukutani waliona jezi nyekundu imekuwa ya pinki, na waliokaa karibu na mlango hawakuona rangi yoyote, kana kwamba timu zote mbili zimevaa shuka za hospitali. Kona ya chini kulia kulikuwa na weupe kama ukungu, na mpira ukiingia pale haurudi mpaka mtangazaji aseme uko wapi. Jumatatu wateja walidai fedha zao. Jumanne walihamia kwa Omary, mwenye kibanda cha jirani na projekta, na Omary alikuwa ameshaandika kwa chaki kwenye ubao wake kwamba mechi ya watani, Jumamosi saa kumi na moja jioni, itaonekana kwake "kwa rangi zake halisi."

Alimpigia Khatibu simu. Khatibu akamjibu kwa upole kwamba ile ni 4K, kwamba watu wa Kibondo wamezoea TV za chogo, zile nene za zamani, macho yao bado hayajafika. Awape muda.

"Macho yangu si ya mtumba," Akimana alimwambia Bazilio. "Wewe ulikuwa unapima rangi, mzee, na serikali ikakuamini. Njoo uniambie. TV hii ni nzima au si nzima? Jumamosi nikiwa nayo hii, Jumapili sina kibanda."

Bazilio alinawa mikono, akavaa miwani, akaenda. Aliomba picha nyeupe tupu, isiyo na kitu, akaitazama kama alivyokuwa akitazama chupa dirishani. Weupe haukuwa sawa. Pale konani uling'aa, juu kushoto ulikuwa kama maziwa yaliyomwagiwa chai. Akaomba picha nyeusi tupu. Kona ile ile ikabaki inang'aa. Akazunguka nyuma na tochi, akapitisha kidole kwenye skrubu moja moja, akainamisha pua kwenye matundu ya hewa.

Skrubu mbili zilikuwa na vichwa vilivyokwaruzwa na bisibisi. Na matundu yalitoa harufu ya risasi ya kuchomelea.

"Kitu kipya hakijawahi kupasuliwa tumbo," akasema. "Hiki kimepasuliwa. Hizi taa za nyuma kuna mtu amezibadilisha, na hakuwa na taa zinazofanana. Ulilipa bei ya kipya. Hiki thamani yake ni nusu, na hiyo nusu ni kwa huruma yangu."

Kwenye risiti palikuwa na maneno yaliyogongwa muhuri: mali ikishauzwa hairudi. Bazilio aliyasoma mara mbili, akayakunja, akayatia mfukoni. Alisema ameona mihuri mikubwa kuliko huo, na asali mbovu ilirudi.

Alhamisi alfajiri mkewe, Esteri, aliifunga TV kwa blanketi la kitandani. Akampa na chupa ya asali ya nusu kilo, ya kulia mkate yeye na Akimana njiani, akamwonya asiimalize kabla ya kufika Makere. TV ilikatiwa tiketi yake, ikakaa dirishani kama bibi harusi. Kila abiria aliyeuliza ni nini aliambiwa na Bazilio kwamba ni kioo cha kupigia picha mapafu ya ng'ombe, na kwamba bado hakijajulikana kinamfanyaje mtu akikiegemea. Hakuna aliyekiegemea hadi Kasulu.

Duka la Khatibu lilikuwa karibu na stendi, ukuta mzima umejaa TV, na TV zote zina samaki wale wale. Kiti cha mteja kilikuwa kimoja, cha kitambaa chekundu, kimewekwa katikati kabisa. Ungedhani kimepigiliwa misumari. Mlangoni, kwenye kigoda, alikaa fundi wa duka, Séverin, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, mtu mpole wa mikono myembamba, anachezesha bisibisi vidoleni. Alipoona blanketi linafunguliwa, bisibisi ilisimama.

Khatibu alikuwa mtu wa adabu. Alimwita Bazilio mzee wangu, akaagiza chai, akaiwasha ile TV, akamwekea samaki. Akamketisha kwenye kiti chekundu. Aliuliza kwa upole hapo kuna ubaya gani.

Bazilio alisimama, akaburuta kigoda hadi ukutani, pembeni kabisa, akakaa huko. Samaki walikuwa wameshapauka.

"TV hutazamwa kwa mbele, mzee wangu," Khatibu akasema. "Hata mke hutazamwa kwa mbele."

"Wangu nimemtazama pande zote miaka arobaini. Ndiyo maana sikuuziwa mwingine."

Watu wakacheka. Kwa kuwa kicheko hakina mlango, wapita njia wakaanza kuingia kuona kuna nini. Wakafika saba. Bazilio alipoona ni wengi kiasi cha kutosha, akatoa sheria. Kwao, alisema, kwenye mtungi wa pombe ya ndizi, anayeshikwa na uongo mbele ya watu huwanywesha wote waliousikia, na hakuna kukata rufaa. Basi leo, kwa heshima ya mwenye duka ambaye hanywi, itakuwa soda. Yeyote atakayesema uongo juu ya TV hii, awe muuzaji, awe mteja, awe nani, anawanywesha waliosikia. Akaapa kwa mzinga wake wa kwanza. Akamtaka Khatibu aape kwa anachokipenda. Khatibu, macho ya watu saba yakiwa usoni mwake, akaapa kwamba TV ile ilitoka kwenye boksi lake na haijaguswa na mtu.

Séverin aliangalia viatu vyake.

Hapo ndipo Bazilio alipotoa ile chupa ya asali. Akimana alikuwa amekaa kimya pembeni, kama inavyompasa mtu aliyekuja na mtaalamu. Bazilio alimwomba simu yake, akaipiga chupa picha kwenye mwanga wa mlango, picha ikatiwa kwenye flashi, flashi ikachomekwa kwenye TV ya Akimana. Kutoka kwenye kiti chekundu ilionekana asali. Kutoka ukutani ilionekana maji ya ukwaju. Kutoka mlangoni ilionekana chupa tupu. Halafu flashi ikahamishiwa kwenye TV nyingine ya ukubwa ule ule, iliyokuwa juu ukutani, na pale asali ilikuwa asali, mbele, pembeni, mlangoni, ya rangi ile ile ya kahawia inayoelekea nyekundu, na kiputo kimoja cha hewa karibu na kifuniko.

Khatibu akaanza kusema kwamba hilo ni suala la mipangilio ya rangi.

Ndipo akaingia nyuki.

Aliingia kwa mlango, peke yake, kama mtu aliyetumwa. Akapita juu ya kichwa cha Séverin. Akaifikia TV ya Akimana, akaizunguka mara moja, akaona si kitu, akaiacha. Akapita juu ya chupa yenyewe, halisi, iliyokuwa imefungwa vizuri mezani, na wala hakuigeukia. Akapanda moja kwa moja hadi kwenye ile TV ya ukutani, akatua juu ya picha ya asali, pale penye kiputo, akatoa ulimi. Aliulamba ule mwanga. Alirudi nyuma kidogo, akajifuta uso kwa miguu ya mbele, akaulamba tena. Duka zima lilisikia mabawa yake.

Bazilio alimwonyesha Khatibu kwa kidole tu, kwa kuwa shahidi yule hakuwa na macho ya chogo wala ya mtumba, na hakuwa mtu wa Kibondo wala wa Kasulu. Séverin naye akainuka kwenye kigoda, akakiri kwamba taa za nyuma alizibadilisha yeye, mwezi uliopita, kwa amri ya tajiri. Khatibu akaifungua TV ya ukutani kwa mikono yake, akaifuta vumbi, akaifunga kwenye lile blanketi la Esteri. Akawanunulia soda watu saba, na ya nane akampa Séverin bila kumtazama.

Hiyo ndiyo habari kama Bazilio alivyoisimulia kwa Esteri Alhamisi jioni, kwa kinyozi Ijumaa, na kwa watu sitini na kitu waliojaa kwenye kibanda cha Akimana Jumamosi, saa kumi, saa nzima kabla ya mechi ya watani.

Alikuwa amepewa benchi la mbele. TV ilikuwa ukutani, kubwa, tulivu, rangi zimejaa hadi kwa waliokaa juu ya ndoo mlangoni. Ubao wa Omary ulikuwa umefutwa. Omary mwenyewe alikuwa amekaa benchi la tatu, amelipa kama watu wengine. Bazilio alisimama, akawageukia, akaanza na zile skrubu. Alipofika kwa nyuki alimwigiza, mabega na yote. Alipotoa ulimi kuonyesha alivyolamba, watu walipiga makofi na mmoja akadai apewe mzinga utakaozaa nyuki wa namna hiyo.

Akimana alikuwa amesimama kando ya TV, rimoti mkononi. Alingoja makofi yaishe.

"Mzee," akasema, "hebu kaa kwanza. Nina picha ya siku hiyo."

Bazilio aliuliza picha gani. Akimana alisema pale dukani alimpa Séverin simu amrekodie, ili Khatibu asije akakana baadaye. Na kwa kuwa sasa kuna TV ya kuonyeshea, kwa nini watu waambiwe tu wakati wanaweza kuona? Tayari alikuwa amechomeka flashi.

Duka la Khatibu likatokea ukutani, kubwa kuliko lilivyokuwa Kasulu. Na aliyekuwa akizungumza katikati ya duka hakuwa Bazilio. Alikuwa Akimana. Alikuwa amekiondoa kile kiti chekundu kwa mguu, akakisukuma hadi nje, na alikuwa akiwapanga wale wapita njia saba kama anavyopanga wateja wake: wawili katikati, wawili ukutani huku, wawili ukutani kule, mmoja mlangoni. Aliweka mechi ya zamani. Akawauliza mmoja mmoja, kwa sauti, kipa amevaa rangi gani. Wa katikati wakasema machungwa. Wa ukutani wakasema manjano. Mwingine akasema krimu. Wa mlangoni, mama mwenye kapu la dagaa, akasema kipa hajavaa kitu na yeye anaondoka.

Kibanda kilicheka mpaka mabati yakaitikia. Picha iliendelea. Khatibu alionekana akiinua mikono, akisema mama, mama, tuongee nyuma, na Akimana alionekana akikaa chini sakafuni, katikati ya duka, akinyoosha miguu.

"Mimi wateja wangu wote wanalipa sawa," alisema yule Akimana wa kwenye kioo. "Wa mlangoni analipa kama wa katikati. Kwa hiyo na mimi nataka TV inayomwonyesha wa mlangoni. Siondoki. Lete mteja mwingine nitamuuliza rangi ya kipa. Kesho pia nipo."

Halafu picha ikatikisika, kwa kuwa aliyeshika simu alikuwa anasema. Sauti ya Séverin ilisikika karibu kabisa, kavu: "Patron, mi nimechoka. Ile mataa njo miye niliyatiaka. Mupatie mama haki yake."

Watu hawakucheka hapo. Picha ikaanza kugeuka polepole, ikampita Khatibu aliyeinamisha kichwa, ikafika konani. Na konani, juu ya kile kiti chekundu kilichokuwa kimerudishwa ndani bila kelele, alikaa Mzee Bazilio. Alikuwa amejiegemeza. Chupa ya asali ilikuwa wazi mapajani mwake, imebaki robo. Alikuwa akichovya kidole.

Akimana alibonyeza rimoti, picha ikasimama hapo hapo.

Ilikuwa picha nzuri. Hilo hakuna aliyelibisha. Tone la asali lilionekana kwenye ndevu, upande wa kushoto, na ndani ya tone ulionekana mwanga wa mlango. Ilionekana hivyo hivyo kutoka katikati, kutoka ukutani, na kutoka kwenye ndoo.

"Nyuki yuko wapi, mzee?" akauliza Omary kutoka benchi la tatu.

Bazilio alifikiri. Kuna watu ambao hapo wangeomba radhi, na kuna ambao wangesingizia uzee. Yeye aliinua kidevu.

"Nyuki ni mdogo," akasema. "Simu haikumpata."

"Inchi hamsini na tano imepata asali kwenye ndevu zako, ikamkosa nyuki?"

"Alikuwa upande wa pili."

"Upande wa pili tumeuona pia."

Akimana hakuwa na hasira. Lakini alikuja akasimama mbele yake, na aliyomwambia aliyasema bila kicheko, kwa sauti ya mtu anayedai chenji yake. "Zile skrubu uliziona wewe, nami nimewaambia watu wote uliziona wewe. Sheria ya soda uliitoa wewe. Hiyo ni yako, hakuna atakayekunyang'anya. Lakini kwenye sakafu nilikaa mimi, baba. Huwezi kumpa nyuki sakafu yangu."

Bazilio alimtazama, kisha akamtazama yule mwenzake wa kwenye picha, mwenye kidole ndani ya chupa, pale ukutani. Miaka yote ile alikuwa akiwarudisha watu na asali zao za sukari guru, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukubali kwamba ameongeza. Wote walisema nyuki ndio walioifanya hivyo. Alianza kuwaelewa.

"Sheria ni ya nani?" akauliza Omary, ambaye alikuwa anaifurahia Jumamosi ile kuliko alivyotegemea.

"Ya kwangu," akasema Bazilio.

"Na kukata rufaa?"

"Hakuna rufaa. Lakini sina soda za watu sitini."

Hapo mlangoni watu wakapisha. Esteri alikuwa akiingia, ndoo ya lita kumi kichwani, kijiko kikubwa mkononi. Ilikuwa ndoo ile ya chini ya kitanda, asali ya miombo ya msimu uliopita, ambayo Bazilio alikuwa amemficha hata paroko. Hakuna aliyekuwa amemtuma. Alisema tu kwamba hadithi ile ameisikia tangu Alhamisi, na tangu Alhamisi alijua itaishia kwenye ndoo, kwa hiyo aliona heri ailete mapema kabla mpira haujaanza. Akamkabidhi mumewe kijiko.

Bazilio alilipa. Alisimama mlangoni, kichwa juu, kama mtu anayegawa zawadi na si faini, akawapita watu benchi kwa benchi, kijiko kimoja kila kiganja. Aliwatangazia kwamba hii ni ya miombo, haijaungua, haina sukari guru, wailambe taratibu. Akimana alipewa viwili, akavichukua vyote. Omary alidai cha pili akasema na mkewe alisikia habari hiyo kwa kinyozi. Bazilio alimpa, lakini hicho cha mkewe kilikuwa nusu.

Timu zilipoingia uwanjani, ndoo ilikuwa imebaki vidole vitatu. Vidole vya watu sitini vilikuwa vinanata, kibanda kizima kinanukia maua, na mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto.

Ndipo akaingia nyuki.

Aliingia peke yake, akapita juu ya vichwa, akaiacha ndoo, akaenda hadi kwenye kioo na kutua juu ya bega la kipa, aliyevaa machungwa. Watu wote walikuwa wamegeuka kugombania kwa Esteri asali ya chini kabisa ya ndoo. Aliyemwona ni Bazilio tu.

Alifungua mdomo. Akaitazama ndoo, akavihesabu vile vidole vitatu vya asali vilivyobaki, akawatazama watu sitini. Akaufunga mdomo, akajilamba kidole, akakaa.